Boksi Halisemi Uongo

Ukimbishia Fundi hodi ukamwambia "Ni mimi," hakufungulii. Anakuuliza kutoka ndani, "Mimi nani?" Ukirudia kwamba ni mimi bwana, acha maneno, anakaa kimya mpaka utaje jina. Mkewe, mama mpole wa Kirombo aliyekuwa anauza vitunguu soko la Kiboriloni, aliniambia amewahi kusimama mvuani na kapu kichwani, mlangoni kwake mwenyewe, kwa sababu hiyo. Nilidhani anatia chumvi mpaka siku nilipoyaona kwa macho yangu. Alipofunguliwa alimpita mumewe bila kumtazama, na Fundi akamfuata hadi jikoni akimweleza kwamba kila mtu duniani anaitwa mimi.

Nilimfahamu miaka kumi na moja. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake siziandiki, kwa kuwa hakupenda kuulizwa na mimi sikuuliza. Naandika niliyoyaona. Na niseme mapema, asije mtu akadhani namchora mtakatifu: huyu mzee aliniharibia jina mbele ya kampuni nzima na mbele ya baba yangu mzazi, kwa sentensi ya maneno matatu. Baadaye alijaribu kunirudishia. Kama aliweza, nitafika huko.

Kazi yake ilikuwa milango. Si ya kuchonga. Ni ile ya umeme, unagusisha kadi kwenye kidude kilicho ukutani, kinalia, komeo linaachia. Alikwishafunga milango ya namna hiyo kwenye maghala ya kahawa, maofisi na hosteli za mjini Moshi kabla watu wengi hawajajua inaitwaje. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya dawa za mifugo, na tulikuwa na chumba baridi cha chanjo za ng'ombe. Mlango wa chumba hicho ndio uliotukutanisha. Aliniita Mama Stoo. Mimi nilimwamkia shikamoo, maana alinizidi miaka mingi, naye akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye bawaba.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye koti la kaki lililofuliwa mpaka likawa jeupe kwenye viwiko. Bisibisi ndogo aliitia ndani ya soksi. Chakula chake cha mchana kilikuwa ndizi za kuchemsha alizofunga kwenye karatasi, akila peke yake, amesimama, akitazama watu wanavyoingia na kutoka. Ukimwalika kwenye mtori wa kantini anakushukuru sana, na haji.

Kabla ya kutoboa hata tundu moja alikuja ofisini kwetu akakaa nje ya geti asubuhi nzima. Meneja alilalamika kwamba fundi gani huyu anakuja kuota jua. Siku ya pili akaja na mkungu wa ndizi begani, mzima, mshare wa kupikia. Mlinzi akamfungulia. Karani wa mapokezi akamfungulia mlango wa pili kwa kadi yake, akimpa pole kwa mzigo. Mlango wa tatu, wa chumba baridi, niliufungua mimi mwenyewe, nikamshikilia mlango asije akagonga ukuta. Akautua mkungu juu ya friza la chanjo, akafuta jasho, akamwambia Meneja kwamba mpaka hapo hakuna kifaa atakachotuuzia kitakachotusaidia, kwa sababu sisi ni watu wenye adabu. Ndizi zile tulizila wiki nzima, na nilizila kwa aibu.

Nilikuwa napenda kumsikiliza akieleza kazi yake, na alieleza vizuri pale tu alipokuwa amekasirika. Kwenye mlango wa kadi, alisema, kuna vitu viwili. Nje kuna kisoma kadi, ambacho hakijui lolote, kazi yake kusoma namba tu. Ndani kuna boksi, ambalo ndilo linaloamua nani afunguliwe na kuandika kumbukumbu. Kati yao kuna waya. Watu wananunua kadi nzuri na komeo la chuma kizito, halafu wanasahau waya. Kwenye mitambo ya zamani, kisoma kadi kinaituma namba yako kwenye waya ikiwa wazi, na hiyo namba haibadiliki leo wala kesho. Alifananisha na mtoto anayetumwa dukani na kwenda akiimba alichotumwa, sukari robo na kiberiti, sukari robo na kiberiti, na kila aliye njiani anajua kwenu hakuna sukari. Mtu akikaa nyuma ya ukuta akausikiliza waya, kesho anaimba wimbo ule ule na boksi linamfungulia.

Mitambo mipya haiko hivyo. Kisoma kadi na boksi vina ufunguo wa siri, maneno tu, hakuna chuma, na kila kinachopita kwenye waya kinafichwa kwa ufunguo huo, tena kwa namna inayobadilika kila mara. Aliyeurekodi wimbo wa jana, leo haumsaidii. Halafu boksi halingojei kuitwa. Linauliza muda wote, upo? Kisoma kadi kinajibu, nipo. Kikinyamaza, boksi linajua mtu ameking'oa au amekata waya. Hapo Fundi alikuwa akinyanyua kidole na kusema kwamba waya wa zamani ukinyamaza, boksi linadhani hakuna mgeni, linalala.

Kuhusu vifaa vya viwanda mbalimbali alikuwa na maelezo ambayo mtu wa huku kwetu hawezi kuyasahau. Zamani kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, ukinunua boksi la hawa lazima ununue na kisoma kadi cha hawa hawa. Baadaye wakakubaliana lugha moja. Akaniuliza, wewe Mmachame na mimi Mrombo, tukikutana njiani kila mtu akisema Kichagga cha kwao, tunaelewana? Nikamwambia tunaelewana matusi tu. Akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. Akasema ndiyo maana tumeshukuru Kiswahili, na hiyo lugha ya waya ndiyo Kiswahili cha milango.

Usiri wake ulikuwa na upande wake wa ajabu. Ukiwa unabonyeza namba yako ya siri mbele yake aligeuza kichwa kabisa, hata kama ni ya simu, hata kama ulimwomba akusaidie. Wateja waliomtajia paswedi zao aliwagombeza kama watoto. Lakini mambo ya watu, jamani, aliyajua yote. Nani kahama kwa nani, nani anauza kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake kimyakimya, binti wa nani karudi nyumbani na kwa nini. Alikaa kwenye hoteli ya chai pale Kiboriloni, amewageuzia watu mgongo, akisikiliza meza nne kwa mpigo. Nikamwambia siku moja kwamba yeye anayefunga masikio ya kuta mbona yake yako wazi hivyo. Akanijibu kuwa ya waya ni siri, ya watu ni habari.

Na hodari yule alijifungia nje ya sanduku lake la zana. Aliliwekea kufuli la namba, akachagua namba ngumu ambayo hata yeye hakuiandika popote, akaisahau. Tulimkuta nyuma ya stoo anakata kufuli kwa msumeno wa chuma, hasemi na mtu. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipoondoka.

Vijana wa fani yake hawakumpenda. Aliwafuata kwenye kazi zao akaangalia walivyoacha. Kitu kimoja kilimtoa roho kuliko vyote: vifaa vilivyoachwa na ufunguo wa kiwandani. Aliniambia vile visoma kadi vinazaliwa vyote na ufunguo mmoja, dunia nzima, na umeandikwa kwenye kitabu chake, anayetaka anausoma. Upo kwa ajili ya siku ya kwanza tu. Unavikutanisha kisoma kadi na boksi, unaliweka boksi katika hali ya kujifunza, vinasalimiana kwa ule ufunguo wa wote, kisha boksi linakipa kisoma kadi ufunguo wake wa siri, wa mlango huo peke yake. Baada ya hapo unaifunga hali ya kujifunza. Usipoifunga, mtu yeyote akija na kifaa chake akajifanya kisoma kadi kipya, boksi litampa ufunguo wa siri kwa mikono miwili. Alikuwa akisema fundi anayeacha hivyo ni bora angeacha mlango wazi, kwa sababu mlango wazi kila mtu anauona.

Sasa niseme yaliyotokea.

Mlango wetu aliubadilisha kuwa wa mtambo mpya mwezi wa kumi na mbili, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Anayeujua mkoa wetu anajua wiki hiyo ilivyo. Wachagga wote waliotawanyika duniani wanarudi mlimani, mji unajaa magari, na aliye kazini ni mwili tu ulio kazini. Fundi naye alikuwa anasubiriwa Rombo, kulikuwa na ng'ombe wa kuchinjwa na ndugu wa kupatanishwa. Meneja alimsimamia kichwani. Alimaliza jioni, akanijaribishia kadi yangu, ikafungua, tukatakiana heri ya sikukuu. Alikuwa na daftari aliloandika kila hatua ya kila mlango, na mbele ya hatua iliyokamilika aliandika "tayari". Jioni ile aliandika tayari mpaka mstari wa mwisho. Hali ya kujifunza hakuifunga. Aliiacha makusudi, kwa huruma, ili kama kisoma kadi kingeharibika sikukuu yeye akiwa mlimani, tuweze kuchomeka kingine kikakubalika bila kumwita. Alisema moyoni atarudi Januari kuifunga. Daftari lilikuwa limeshaandikwa tayari, na Januari hakurudi.

Mwezi wa tatu, Jumatatu moja, niliingia chumba baridi nikakuta rafu mbili tupu. Chanjo za homa ya mapafu na za kimeta, maboksi mazima. Mlango haukuvunjwa. Kumbukumbu za boksi zilisema ulifunguliwa Jumapili saa saba mchana kwa kadi ya Mama Stoo.

Jumapili hiyo saa saba nilikuwa kitandani kwangu Kiboriloni na mafua, peke yangu, kadi ikiwa ndani ya pochi na pochi kwenye msumari. Shahidi sina. Waliniita mbele ya kamati, Meneja na ofisa utumishi, na Fundi akaletwa na kompyuta yake awasomee kumbukumbu. Mimi nilifurahi kumwona. Nilijua hapa yupo mtu anayejua kazi. Meneja akamuuliza kama inawezekana namba ya kadi ikafika kwenye boksi bila kadi yenyewe. Fundi alitazama meza. Kisha akasema, "Boksi halisemi uongo."

Walinisimamisha kazi siku hiyo hiyo.

Sitaeleza majirani walivyokuwa, kila mtu ana majirani. Nitaeleza Baba. Alikuwa anaishi Machame, kihambani kwetu, mzee wa kanisa, na ng'ombe wawili wa maziwa. Kila Ijumaa alinitumia ndizi na lita mbili za maziwa kwa gari linaloshuka mjini, kisha anapiga simu kuuliza kama zimefika na kama maziwa hayajachacha, na hapo tunaongea mpaka salio linakwisha. Habari zilimfika kabla sijapanda kumwambia. Ijumaa ile ndizi zilikuja, maziwa yalikuja, simu haikupigwa. Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo. Nilipopanda kumwona aliniuliza habari za afya, akaniuliza mvua kama imenyesha mjini, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Kuhusu chanjo hakuuliza neno. Nami nilikuwa na kiburi changu, sikutaka kujitetea kwa mtu ambaye hajaniuliza. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na nililia njia nzima kushuka Kwa Sadala.

Wiki saba zikapita. Siku moja Fundi akaenda kwa Meneja bila kuitwa. Alifungua kisoma kadi cha nje mbele ya watu, na nyuma yake, kwenye waya, kulikuwa na kidude kilichounganishwa, kidogo kuliko punje mbili za maharage. Akawaeleza jinsi kilivyoomba ufunguo wa siri kutoka kwenye boksi na kupewa, jinsi kilivyosikiliza namba yangu ikipita kila asubuhi, na jinsi kilivyoituma chenyewe Jumapili ile. Akafungua daftari akawaonyesha neno tayari, akasema hili ni uongo, niliandika mimi. Aliyeweka kidude hajajulikana mpaka leo. Fundi aliandika yote kwa mkono wake akatia sahihi. Kampuni haikumwita tena, na habari zikaenea kwa wengine, na vijana aliokuwa anawakagua hawakumwacha. Kabla mwaka haujaisha alikuwa hana mlango hata mmoja mjini Moshi.

Mimi niliitwa nikapewa barua kwamba imebainika sikuhusika. Pole hakuna. Nilirudi kazini miezi miwili nikashindwa. Nikaacha, nikafungua duka dogo la dawa za mifugo Kwa Sadala. Barua ile nilimpelekea Baba nikamsomea. Akasema sawa. Akasema barua za kampuni anazijua. Ndizi ziliendelea kuja, na simu haikupigwa.

Miaka miwili baadaye, siku ya soko, Fundi aliingia dukani kwangu. Nilimjua kwa koti. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Mkononi alishika jani la sale, bichi, amelifunga fundo.

Kwa asiye wa huku, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga aliyekukosea akija na jani lake, amekuja kuomba msamaha, na ukiletewa hukatai. Anayekataa sale, watu humwona yeye ndiye mwenye kosa. Nilipoliona nilishikwa na hasira ambayo sikujua bado ninayo. Niliona amekuja kunilazimisha.

Nilimwamkia, maana adabu ni adabu. Akaitikia, lakini hakuninyoshea lile jani. Aliliweka juu ya kaunta, katikati ya chupa za dawa ya kupe, akaondoa mkono.

"Usilipokee bado," akasema. "Kuna ambalo hukuambiwa."

Nikamuuliza lipi.

"Siku ile ya kamati nilikuwa nimeshajua. Meneja aliponiuliza tu, nilikumbuka sikuifunga. Nilijua inawezekana si wewe. Nikasema vile nilivyosema."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema alikuwa amewatukana vijana miaka mingi kwa kosa hilo hilo. Akasema aliona mbele yake kuna jina lake na jina langu, akachagua. Wiki saba hakulala vizuri, mkewe akamuuliza ana nini, akamwambia ni mgongo.

Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanatusikiliza. Sikuwajali. Nilimwambia sale lile si langu. Nilimwambia mimi alichoninyang'anya kiko juu, kwa mzee ambaye ameacha kunipigia simu, na kama anataka msamaha alibebe akamwambie yeye, kwa mdomo ule ule. Nilitegemea atakataa. Akalichukua jani, akaniuliza njia ni ipi.

Nilifunga duka. Tulipanda kwa gari mpaka mwisho wa lami, kisha kwa miguu kati ya migomba. Alipumzika mara tatu. Mara moja tu aliniuliza kama Baba anasikia Kirombo, nikamwambia hasikii, itabidi Kiswahili.

Baba alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Fundi alivua kofia, akamwamkia shikamoo, akapiga goti moja kwa shida na kumnyoshea sale kwa mikono miwili. Baba hakulipokea. Aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akauliza huyu ni nani na kosa lake ni lipi. Fundi akaeleza. Hakueleza waya wala boksi wala funguo. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyesema mimi nimeiba, na wakati anasema alijua huenda si kweli, na alisema ili asionekane fundi mbaya. Alisema yote mara mbili, kwa kuwa Baba sikio moja halisikii vizuri.

Baba akalipokea sale. Alikaa nalo magotini akiligeuzageuza. Fundi alipokwisha kuinuka na kukaa kwenye kigoda akamuuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Mzee, na mwanao yeye alikuambiaje?"

"Sikumuuliza," akasema Baba.

"Miaka yote hii?"

"Niliogopa atanijibu."

Nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya baraza. Miaka yote nilidhani ananidharau, nilidhani amenihukumu amemaliza, kumbe mzee wa watu alikuwa anatuma ndizi kila Ijumaa na kuiogopa simu.

Baba akaweka ungo wa maharage chini. Akanyanyuka, akishika ukuta, akavuka baraza mpaka niliposimama, na akaninyoshea lile jani. Sijapata kuona mzazi akimletea mwanawe sale, wala sijasikia. Fundi aliinama akaficha uso kwenye kofia. Nililipokea, nikalishika pamoja na mikono ya Baba yenyewe, na nikamwambia, "Niulize basi, Baba."

Akaniuliza, kwa Kimachame, akiniita kwa jina ambalo marehemu mama peke yake alikuwa akiniita. Nikamjibu kwamba sikuiba.